Mama Kagoma Kusaini Samansi

Rowena, Mama katuponza! Katuponza, shoga!

Tarishi wa mahakama kaleta samansi. Mama kadhani ni kama zile barua za barangay, serikali ya mtaa, anazofungia samaki wakavu dukani. "Sisaini ng'o! Nisiposaini, sijaitwa."

Yule bwana hata hakubisha. Kaandika "amekataa kusaini", kaiacha juu ya gunia la mchele, huyo kaondoka.

Nimempigia wakili. Eti kukataa ndiko kupokea! Asipokwenda Jumatatu, anaweza kukamatwa.

Mama kacheka. "Kwani nimeiba?"

Nikamwambia, Mama, hujashtakiwa. Unaitwa kutoa ushahidi, useme nani aliendesha pikipiki iliyomgonga yule mwalimu mbele ya duka lako.

Kicheko kikakatika. Akaitazama pete yangu ya uchumba.

"Nikishika Biblia nitasemaje, mwanangu? Alikuwa Crisanto wako."

Rowena, Crisanto aliniapia kwamba siku ile alikuwa kwao, kalala.