Barabara ya Kwenda Fellisau

Fellisau, 8 Oktoba 1972

Mdogo wangu Melchior,

Salamu zangu zivuke ziwa zikukute mzima. Mgongo unaendeleaje? Bado unakunyima usingizi, au zile dawa za kupaka zimesaidia? Mimi sijambo. Magoti tu ndiyo yanalalamika, na wiki hii yana haki, maana tumemaliza kuvuna zabibu. Tulimalizia lile shamba la chini ya jabali, ambalo ukiteleza unaenda kuokotewa ziwani. Jua lilikuwa kali kama la Agosti. Nilikuwa nikiinua kichwa naona ng'ambo kwenu mmeshafunikwa na kivuli cha mlima, nikakuonea huruma. Kidogo.

Kuna habari kubwa. Ladina ana mimba. Ni yule binti wa kutoka milima ya Graubünden, mke wa Jöri anayefuga mbuzi, wale waliopanga jengo la shule baada ya shule kufungwa. Kijiji kizima tumeshika mimba pamoja naye. Mtoto wa mwisho kuzaliwa hapa alikuwa kijana wa Kaspar Giger, na huyo sasa yuko jeshini. Ladina hawezi kutoka mlangoni bila mtu kumwekea kitu mkononi: tini, jibini, samaki waliokaushwa kwa moshi. Jana aliniambia, "Mama Regula, mkiendelea hivi nitazaa pipa."

Sasa habari ya pili, na usirushe barua kabla ya kumaliza. Jimbo linataka kulipasua jabali walete barabara hapa ambapo njia ni ziwa tu. Tutapiga kura majira ya kuchipua, na safari hii wanawake nasi tutanyoosha mikono. Mimi nitaikataa. Barabara itapita katikati ya mizabibu ya chini, ile aliyoipanda baba. Hapa tunaishi kwa zabibu, samaki na wageni wa Jumapili wanaokuja na meli, wanakula, wanalewa kidogo, wanaondoka. Ukileta magari hawataondoka tena.

Divai mpya itakuwa tayari mwezi ujao. Jibu lako nalijua, lakini naalika hivyo hivyo.

Dada yako,
Regula


Stadlen, 15 Oktoba 1972

Dada Regula,

Nimefurahi kusikia u mzima, magoti na yote. Mimi nipo. Mgongo unauma asubuhi na jioni, mchana uko kazini kama mimi. Majira ya kuchipua nitastaafu kutoka kiwanda cha nyuzi, na wenzangu wanauliza nitafanya nini. Nawaambia nitakaa gatini nimtazame dada yangu akianika nguo kwenye jua ambalo sisi huku hatutaliona tena hadi Februari.

Mpe Ladina hongera zangu. Waambie wapunguze tini.

Kuhusu barabara, umenitia uchungu. Siku baba alipozidiwa, upepo wa Föhn ulikuwa ukiligeuza ziwa juu chini. Mimi nilikuwa hapa, nimesimama gatini na daktari, mkoba wake mkononi, na hakuna nahodha aliyekubali kufungua kamba. Tulisimama hadi tukaambiwa hakuna haja tena. Niliapa kwenye kaburi lake, ukiwa pale pale: sitaikanyaga tena Fellisau mpaka barabara ifike. Nimekitunza kiapo hicho miaka yote.

Na sasa wewe, kura yako ya kwanza maishani, unataka kuitumia kunizuia nisirudi nyumbani?

Mdogo wako,
Melchior


Fellisau, 20 Oktoba 1972

Melchior,

Natumaini u mzima. Mimi nina afya ya kutosha kukasirika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitamani uwe karibu nikuzabe kibao. Wewe ulikuwa na daktari. Mimi nilikuwa na baba. Hujawahi kuniuliza ilikuwaje, kwa hiyo nakuambia leo. Hakumuulizia daktari hata mara moja. Aliniomba nifungue dirisha asikie Föhn. Nikamwambia, "Baba, mvua itaingia kitandani." Akasema, "Iache iingie, sijawahi kuusikia nikiwa nimelala." Nikalifungua. Alikuwa akitabasamu kama mtoto kwenye bembea.

Wewe umeugeuza upepo ule kuwa adui yako, na kijiji nacho ukakitia kwenye lawama. Sawa. Kaa kivulini.

Nimetuma tini zilizokaushwa na meli ya posta, kwa sababu mama angenifufukia nisipotuma.

Regula


Fellisau, 6 Machi 1973

Melchior, we mwehu!

Umefika? Umekauka? Unakohoa? Nijibu hayo kwanza ndipo usome yanayofuata.

Miezi yote hii hatukuandikiana hata kadi ya Krismasi, halafu unanifanyia vile! Ngoja nikusimulie upande wetu, maana wewe ulikuwa umekaa ndani ya boti kama bata na hukuona kitu.

Uchungu ulimshika Ladina asubuhi, kabla ya siku zake. Na Föhn ulikuwa umeshaanza, unavuma hadi vigae vinacheza juu ya paa la kanisa. Jöri alikimbia kwa Kaspar Giger kwenye simu, akampigia mkunga, Mama Zogg, huko kwenu. Aliporudi alikuwa mweupe kama jibini lake. Meli zimesimamishwa, alisema. Nikamwambia akachemshe maji. Sikujua maji yale ni ya nini hasa, lakini ilibidi afanye kitu.

Ndipo Kaspar akapiga kelele kutoka gatini, "Kuna gogo linakuja!" Tukatoka wote. Gogo likawa boti ya mvuvi, na ndani yake turubai, na chini ya turubai Mama Zogg ameukumbatia mkoba wake, na kwenye usukani mpumbavu mmoja ninayemfahamu.

Ulimrusha Mama Zogg kwetu kama gunia la viazi. Halafu ukafunga kamba na ukakaa! Nikasema, "Panda juu!" Ukasema, "Sipandi!" "Utakufa hapo, Melchior!" "Basi nitafia majini, siyo Fellisau!" Kijiji kizima kimesimama kwenye mvua kinasikiliza. Kaspar aliniuliza kama ukichaa huu ni wa ukoo. Nikamwambia ndiyo, ila kwangu umekuja na akili.

Ile supu niliyokushushia kwa ndoo ilikuwa ya Ladina. Hakuihitaji. Mama Zogg aliingia, akavua koti, akaosha mikono, na kuanzia hapo nyumba ikatulia kana kwamba nje hakuna upepo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mimi ningefanya nini peke yangu? Nakuuliza kweli, Melchior. Ningefanya nini? Mama Zogg alimgeuza kwa mikono yake, polepole, huku akizungumza na Ladina habari za mbuzi.

Ni msichana. Wamemwita Menga. Ana sauti ya tarumbeta. Nilipokimbia gatini kukupigia kelele kwamba amezaliwa, nilikuona ukilia. Usiniambie yalikuwa maji ya ziwa, maji ya ziwa hayatikisi mabega.

Jöri na Ladina wanakuomba uwe baba wa ubatizo wa Menga. Ubatizo utakuwa Julai. Kanisa, kama unavyojua, liko nchi kavu.

Dada yako,
Regula


Stadlen, 11 Machi 1973

Dada yangu Regula,

Nimefika, nimekauka, nakohoa. Mama Zogg amenipa chai ya majani chungu, na kila akipita anachungulia kama nimeinywa. Natumaini wewe na mwanamke mpya wa kijiji mko salama.

Acha nikueleze upande wangu, msije mkanichongea sanamu. Mama Zogg alinikuta gatini. Akaniuliza, "Melchior, wewe unalijua ziwa hili?" Nikasema, "Nalijua, ndiyo maana nasema hapana." Aliingia kwenye boti ya mvuvi, akakaa, akaweka mkoba mapajani, akaanza kulitazama ziwa. Basi. Nikamtazama yeye na ule mkoba, na ghafla nikawa nimesimama tena na daktari yule. Sikuvuka kwa ushujaa, dada. Nilivuka kwa sababu nisingeweza kusimama gatini mara ya pili.

Na katikati ya ziwa, mawimbi yanaingia, Mama Zogg anachota maji kwa kofia yake, nilianza kucheka. Sijui kwa nini. Upepo ulikuwa unaimba. Nikakumbuka uliyoniandikia kuhusu dirisha. Sikuwa nikijua, Regula. Miaka yote nilidhani alikufa akitusubiri.

Kuwa baba wa ubatizo ni heshima ambayo sikuitarajia tena, mimi niliyezeeka bila mtoto. Nakubali kwa moyo wote. Lakini niliapa juu ya kaburi, siyo juu ya kikombe cha bia. Muulize padri kama anaweza kushuka mpaka kwenye boti.

Mdogo wako anayekohoa,
Melchior


Fellisau, 30 Aprili 1973

Mdogo wangu Melchior,

Kikohozi kimekwisha? Mimi nimepoteza sauti, na utajua sababu. Menga anaongezeka kwa haraka kama unga wenye hamira.

Padri anasema habatizi mtu kwenye boti yenye harufu ya samaki. Nilimkumbusha kwamba mitume walikuwa wavuvi. Akaniambia niende nikapalilie.

Mkutano wa kijiji ulikuwa jana, kanisani. Wanaume mbele kama kawaida yao, sisi wanawake nyuma, mpaka mama yake Kaspar, kwa fimbo yake, akaenda kuketi safu ya kwanza. Tukamfuata wote. Bwana aliyetumwa na jimbo alitundika ramani. Barabara imechorwa nyekundu, imepita juu ya shamba la baba kama mkwaruzo. Wakaanza: ipite juu, ipite chini, wageni watakuja, vijana watarudi, vijana watazidi kukimbia. Nilinyoosha mkono. Kaspar, mwenyekiti wetu, akasema, "Regula, ngoja, bado wanaume hawajamaliza." Nikasema, "Nimengoja tangu nizaliwe, Kaspar. Wewe ngoja kidogo tu." Vicheko! Hata bwana wa jimbo.

Nikasimama. Nikawaambia mdogo wangu ana haki, na mimi nilikuwa nimekosea kumbeza. Baba alikufa bila daktari, na Menga nusura azaliwe bila mkunga. Hatuwezi kuita watu waje kuishi hapa na kuzaa hapa halafu tuwaambie waombe upepo ulale. Lakini tukilipasua jabali tutapoteza mizabibu, na bila mizabibu, hao watakaokuja kwa gari watakuja kutazama nini? Barabara tunayo, nikasema, imelala hapo nje, ndefu na pana. Tunachokosa ni chombo cha kuipita wakati imekasirika. Jimbo litupe boti yenye injini kubwa na kibanda, ikae kwenye gati letu, na tujengewe ukuta wa kuvunja mawimbi.

Kwenye kura, barabara ya nchi kavu ikaanguka. Boti ikapita, mikono mingi mpaka waliacha kuhesabu. Tunapewa ile ya zamani ya polisi wa ziwa. Ni nzito, haitikisiki. Ndipo Kaspar akauliza nani ataiendesha, maana anatakiwa mtu anayeujua Föhn na ambaye atakaa hapa hapa. Halafu watu wote wakageuka wakanitazama.

Ni kazi, Melchior, siyo hisani. Mshahara utalipwa na kijiji, na nyumba unayo, chumba chako sijakigusa.

Najua utakachosema. Basi sikia: boti lazima iwe na jina, na jina linapigiwa kura. Mimi nilipendekeza. Imeandikishwa rasmi, na kijana wa Kaspar, aliye likizo kutoka jeshini, ataliandika kwa herufi nyeupe ubavuni: BARABARA.

Uliapa hutakanyaga mpaka barabara ifike. Inafika Juni, kwa maji.

Dada yako asiye na sauti,
Regula


Stadlen, 4 Mei 1973

Dada Regula,

Mimi mzima. Wewe ni tapeli.

Nilikaa na barua yako jioni nzima nikitafuta kosa ndani yake. Nilikwenda kwa Mama Zogg nikamsomea, nikitumaini atasema haiwezekani. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema, "Melchior, baba yako angekuwa wa kwanza kupanda boti hiyo. Wewe unamngoja nani?"

Waambie nakubali kazi. Nitaichukua boti kule inakotengenezwa na kuileta mwenyewe. Mwambie Kaspar asisimame gatini na tarumbeta yake. Na usipike kitu kikubwa. Basi, pika kile kitoweo cha mbuzi na viazi.

Naogopa kidogo, Regula. Mtu anaingiaje kijijini baada ya muda mrefu hivyo?

Mdogo wako,
Melchior


Fellisau, 9 Julai 1973, asubuhi

Melchior,

Sikuulizii hali, naisikia ikikoroma nyuma ya ukuta.

Nimezoea kukuandikia, siwezi kuacha ghafla, kwa hiyo karatasi hii nitaiweka chini ya kikombe chako. Jana kwenye ubatizo hapakuwa na nafasi ya kusema. Padri alikuwa anasema, Menga anapiga kelele kila maji yakimgusa, Kaspar anapiga ile tarumbeta uliyomkataza, na wewe umemshika mtoto kama mtu aliyepewa yai la kioo. Ladina alininong'oneza, "Mama Regula, mwambie apumue."

Uliniuliza mtu anaingiaje kijijini. Nilikuona siku ile ya Juni, ulipofunga kamba. Ulisimama, mguu mmoja kwenye boti, mmoja hewani. Kisha mama yake Kaspar akasema kwa sauti ya kiziwi, "Huyu anashuka au anacheza dansi?" Ukacheka, na ulipokuwa ukicheka mguu ukashuka wenyewe. Hivyo ndivyo unavyoingia.

Mkate uko kabatini, kahawa iko jikoni. Mimi nimeshuka kupalilia shamba la baba. Ukishasoma, usinijibu kwa barua. Toka nje uniite.

Dada yako