Nilimpa Sifuri Aliyenifundisha Kahawa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana jambo hili nimelifanya mwenyewe na sina wa kumlaumu. Nafundisha wafanyakazi katika kiwanda cha kumenya kahawa huku Rungwe, na mwaka jana, 1956, meneja wetu, Bwana Edmund, alinipeleka kozi ya miezi mitatu, nikarudi na daftari na chaki nikajiona nimefika, nikawafundisha watu ubaoni kwamba kahawa iliyomenywa ilale ndani ya tangi saa thelathini na sita utelezi wake uishe, ndipo ioshwe, kisha nikawapa mtihani wa kujibu kwa mdomo mbele ya wote. Mjomba wangu Asukile, aliyenipokea kiwandani nikiwa sijui lolote, alisimama kama mtu anayeshtakiwa barazani, nikamwuliza kahawa ilale kwa saa ngapi, akasema, "Saa mimi sijui, mpwa wangu. Naingiza mkono, nasugua. Utelezi ukiisha kahawa inakwaruza, basi iko tayari." Vijana wakacheka, nami nikacheka, nikampa sifuri, na kwa karatasi yangu ya matokeo akaondolewa kwenye matangi akapewa ufagio. Akasema, "Ndaga, bwana mwalimu," yaani asante, hata mpwa hakuniita tena, akavaa koti akaenda zake nyumbani, kazini hakurudi tena.

Mwaka huu Juni baridi ikakaza, utelezi ukachelewa kuisha, wale niliowapasisha wakahesabu saa kama nilivyowafundisha, kahawa ikaoshwa ingali na utelezi, ikakauka na madoa, na sasa Bwana Edmund anataka kuwafukuza kwa uzembe. Kwa mjomba nimekwenda mara mbili, nikaulizia ng'ombe na migomba, nikarudi bila kuomba msamaha. Nikimwambia meneja ukweli nitapoteza kazi. Nifanye nini?

Saulo, Tukuyu

Saulo, pole, ingawa wa kupewa pole kwanza si wewe. Aliyekuandikia zile saa huenda hajawahi kulala kwenu mwezi wa Juni. Wewe umezaliwa huko. Kazi ni ya mkono, nawe ukapima ulimi, tena ukamsimamisha mtu mzima achekwe na vijana wa rika la wanawe. Husemwa asiyekujua hakuthamini, wewe ulimjua.

Nenda kwa Bwana Edmund kesho asubuhi, kabla hajamfukuza mtu. Mwambie, "Hawa walifanya nilichowafundisha." Ukifukuzwa, utakuwa umepoteza kazi yako mwenyewe, na watoto wa wenzako watakula. Ukibakizwa, uache ubao, uwapeleke watu matangini. Kila mmoja aingize mkono, asugue, aseme anasikia nini, akosee ukiwapo, arudie mpaka aweze. Mtihani wako uwe huo huo.

Kisha nenda kwa mjomba wako, na ng'ombe usiwaulizie. Ulimkosea mbele ya watu, basi chukua watu hao hao ukaombe msamaha wakisikia. Siku hiyo usimwombe arudi kazini, ataona umefuata mikono yake tu. Huenda asirudi kabisa. Ni haki yake, na itakubidi uishi nalo hilo. Ila siku utakayofundisha tena, kabla ya jambo lingine lolote, watajie wanafunzi jina la mtu aliyekufundisha.