Shati la Kipimo cha Picha

Kwako dada yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na mama na wote mnaokaa hapo ndani. Goti la mama linaendeleaje, bado linamsumbua akipanda ngazi? Na shemeji je, ameacha kukoroma au bado unalala na trekta? Wasalimie watoto, waambie mjomba wao anawakumbuka, hasa yule mwenye mdomo.

Wewe barua zangu unazijua. Baada ya salamu huwa naandika mimi huku mzima wa afya, halafu naendelea na mengine. Leo nimeshika kalamu muda mrefu, maneno hayo yamekataa kutoka, basi nimeyaruka. Mwandiko nao usiuangalie sana, unajua mimi na shule tuliachana mapema.

Barua yako niliipata. Umesema mama ameitia ile picha yangu kwenye fremu, ameiweka juu ya kabati la vyombo, na kila anayeingia lazima aoneshwe. Umesema yule jirani muuza mkaa aliitazama akasema kijana amenenepa, kazi imemkubali, na mama akashinda siku nzima anatembea kama kavishwa taji. Halafu ukasema mama amekwenda sokoni akaninunulia shati, kubwa, kwa kipimo cha ile picha, na kwamba mwisho wa mwezi utaniletea mwenyewe. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya cherehani. Ikakaa huko. Nikaanza kutunga uongo wa kukuzuia usije. Mara nitakuambia chumba kinavuja, mara nitakuambia tunahama. Nimeshindwa, ndiyo maana nakuandikia hii.

Naomba kitu kimoja. Najua barua zangu unamsomea mama kwa sauti huku anachambua mchele. Hii anza kuisoma peke yako.

Kazini kwetu tuko wanne. Kuna Fundi mwenyewe, kuna Kipara anayepiga pasi, kuna mama mmoja mtu mzima anayeshona vifungo na pindo, tunamwita Mama Vifungo, halafu mimi. Tunashona makoti na suruali za watu wa maofisini. Mimi, pamoja na kushona, ndiye sanamu yao. Yaani koti likishaungwa, kabla halijatiwa bitana, kile kitambaa cha ndani, Fundi ananisimamisha mbele ya kioo kikubwa, ananivalisha, anachora chaki, anachoma pini. Sitakiwi kusema kitu, na kusema kwenyewe unajua si kazi yangu. Nasimama natazama kioo. Watu wote unawaona nyuma yako, na wewe uko katikati.

Mwaka jana kuna koti lilikataa kufunga. Fundi alivuta huku na huku, akanipapasa tumbo kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti, akauliza nimekula nini, au nimemeza cherehani. Kipara alicheka mpaka akaunguza kola ya mteja. Hata mimi nilicheka. Ulikuwa utani wa kazini, ukaisha, Fundi wala haukumbuki. Lakini mimi lile jina lilinirudia.

Unajua ni lipi. Bonge. Huku hakuna anayelijua. Ulinipa wewe, enzi hizo unanibeba mgongoni nakuelemea, na ulinipa kwa mapenzi, sina kinyongo na wewe hata kidogo. Nyumbani lilikuwa tamu. Shuleni halikuwa tamu. Wale wavulana walikuwa wananishika wananipiga ngoma tumboni, na mwalimu anatabasamu. Nyinyi nyumbani niliwaambia nimeacha shule kwa sababu hesabu zimenishinda. Hesabu hazikunishinda, dada.

Basi tangu siku ya lile koti nikawa najipima kiuno kwa futi asubuhi kabla wenzangu hawajafika. Nikitoka nimepungua, siku yangu nzuri. Nisipopungua, siongei na mtu. Mchana tunakula pamoja pale kwenye meza ya kukatia vitambaa, Kipara anatandika magazeti. Mimi nikawa nasema nimeshiba, nitakula baadaye, natoka na fungu langu uani. Uani kuna paka dume. Yule paka alinenepa hadi Kipara akasema ana mimba, akaanza kumtafutia mtoto jina. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku najua kile chakula kilikuwa cha nani. Nilikuwa naona haya hata nikitazamana na paka.

Suruali zikaanza kulegea. Hapa nikueleze mambo ya ufundi kidogo. Unaposhona suruali, kule nyuma kwa ndani unaacha kitambaa cha ziada kwenye mshono, sisi tunakiita akiba. Mwenye nguo akikonda, unapunguza. Akinenepa, unafumua unamwachia. Na ukipunguza, akiba huigusi, unailaza tu ndani. Ndiyo kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nilikuwa napunguza suruali yangu, halafu ile akiba naipitisha mkasi. Naikata ili isiwezekane kuachiwa tena. Vipande nilikuwa navitupa chini kabisa ya pipa, juu nafunika na vya wateja.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama na koti la mtu, pini mwili mzima, nikaona kioo kinakwenda mbali. Nilizinduka niko sakafuni, Mama Vifungo ananipepea na kipande cha bitana. Alikuwa amenilegeza mkanda nipate pumzi, na kiuno cha suruali kikapinduka, akaona kwa ndani. Akamwita Fundi. Dada, watu wazima wawili wameinama wanausoma mshono wa suruali yangu na mimi nimo ndani ya hiyo suruali. Alama za mishono ya zamani zilikuwa zimepangana, na pembeni pote mkasi umepita. Nilifumba macho tena nikajifanya bado nimezimia.

Nilijua Fundi atafoka. Huyo hufoka hata kwa uzi uliokatika. Lakini alisema polepole, "Kijana, ulikuwa hutaki kurudi?"

Nilizidi kubana macho. Swali hilo bado ninalo.

Mama Vifungo ndiye aliyenipeleka zahanati, kanishika mkono barabarani kama mtoto anayepelekwa chanjo. Daktari ni binti, sidhani kama ananizidi sana umri, na hilo nalo likanizidishia aibu. Alisema ni ugonjwa, mtu anauogopa mwili wake na chakula chake, na wanaume wanaupata vilevile ila hawasemi. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Mimi nilijua njaa ni ya mtu asiye na chakula. Mimi ninacho, kinanukia mbele yangu, na ninakiogopa, mwanaume mzima. Sasa nakwenda kwake kila wiki. Mchana Mama Vifungo anakaa karibu yangu, haniangalii, ananisimulia vituko vya mawifi zake mpaka sahani inaisha. Kuna siku inaisha. Kuna siku paka bado anafaidi. Sitakudanganya kwamba nimepona.

Sasa nifike kwenye picha. Nimezunguka weee, nilikuwa naikimbia.

Mama alipoomba picha, nilijitazama kwenye kile kioo nikaona huyu siwezi kumtuma kwa mama. Nikachukua koti la mteja mmoja, mtu wa mwili. Ndani nikavaa mashati yangu yote, moja juu ya jingine. Kifuani na tumboni nikajaza pamba ile tunayoweka kwenye mabega ya makoti. Na kwenye mashavu, dada, niliweka pamba mdomoni, huku na huku. Ndiyo maana sikutabasamu, na nyinyi mkasema sasa nimekuwa mtu mzima. Mimi ambaye kila asubuhi nilitaka tumbo lipotee, nilikaa mbele ya kamera na tumbo la pamba, nikalishikilia kwa mikono lisianguke. Sasa kila siku mama anaifuta vumbi pamba ya Fundi, na muuza mkaa anaisifia.

Kwa hiyo ukija, atakayekufungulia mlango siye yule wa kwenye fremu. Usishtuke, au kama utashtuka, shtukia kwenye ngazi kabla hujabisha. Naomba usiniambie nimekonda. Na siku ukinikuta nimeongezeka, naomba usiniambie nimenenepa. Najua kwetu hiyo ni sifa, watu wanaisema kwa furaha, lakini kwangu maneno yote mawili yanachoma sawasawa. Niambie umefika, niambie njia ilikuwaje, nilaumu kwa chumba kichafu. Na lile jina tulipumzishe kwanza. Ikija siku likawa tamu tena, nitakuambia mimi mwenyewe.

Nilitaka kukuomba umfiche mama. Halafu nikawaza, shati kalinunua yeye, kwa macho yake, kwa kunitazama mimi. Basi msomee yote. Ngoja amalize mchele kwanza. Pale pa pamba mdomoni soma taratibu, labda atacheka kabla hajalia.

Kipara anakusalimu ingawa hakujui, anasema dada wa mtu mkimya lazima ni msemaji. Mama Vifungo anasema ukija ufikie kwake kwanza unywe chai. Msalimie shemeji, na mama mshikie goti kwa niaba yangu.

Shati usilirudishe dukani. Njoo nalo hivyohivyo na ukubwa wake. Nitalipunguza mwenyewe linikae kwa sasa, na akiba nitaiacha yote ndani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyembeba mgongoni.