Tulichorithi kwa Mama

Kitindamimba wetu,

Pokea salamu za fundi cherehani bora mtaani, na mitaa jirani inaniogopa. Huku wazima, cherehani mpya inaimba.

Mwezi uliopita nilikuwa nampima daktari mmoja suruali, mazungumzo yakafika kwa marehemu mama, akaniuliza alifariki kwa ugonjwa gani. Nikamwambia saratani ya matiti, kama bibi na mama mkubwa. Akasema nikapimwe damu. Nikacheka: "Dokta, mimi dume zima, matiti nitoe wapi?"

Hakucheka. "Fundi, hata mwanamume huirithi hatari hiyo, na huwarithisha wanawe."

Nimepimwa. Ninayo. Usianze kulia, si ugonjwa, ni hatari tu. Anayeijua huchunguzwa mapema. Wewe huenda unayo, huenda huna.

Najua uliapa kutokanyaga hospitali tangu mama atutoke. Lakini Jumatatu nafunga duka, nakuja kukuchukua. Tutakaa benchi moja, nitawachekesha manesi wote. Na sindano ikikuuma, nifinye mkono wa kulia, huuhuu ninaokatia vitambaa. Ufinye utakavyo.

Kaka yako anayekupenda,
Fundi