Karte Niliyoifunga Katika Pembe ya Kikwembe

Koko Godelieve wa radio, ninakuandikia nimejifungia chumbani, nisaidie mbele sijasema na muntu mwingine.

Bwana yangu Norbert anapigaka filimu za ndoa hapa Baraka, iko na kamera kubwa ya sinema, na ile kamera haikubali karte yoyote tu, zile karte ndogo za kuchunga picha, na yeye akinunua moja anaijaribu kuliko vile baba yangu alimujaribu yeye mbele ya kunioa: anasimamisha kamera mbele ya ziwa, anaiacha ichukue mpaka karte ijae, kisha anakaa anaangalia maji yote yale toka mwanzo mpaka mwisho, na picha ikiruka hata mara moja, ile karte haitaingia tena katika kazi. Hiyo si shida. Shida ni Léoncie.

Léoncie njo anamusaidiaka kazi, mama mukimbizi wa Burundi, anaishi kambini Lusenda. Norbert anamupatia karte zote, na yeye anazifungaka katika pembe za kikwembe chake cha kujifunga kiunoni, iliyojaa kushoto, tupu kuume, na Norbert akinyoosha tu mukono nyuma, bila kugeuka, bila kusema, Léoncie anamuwekea karte katika kiganja. Koko, miaka kumi na moja ya ndoa, mimi nikimupatia chumvi anaangalia kwanza kama ni chumvi! Tena kila karte nzuri Léoncie ameitia alama ya vernis nyekundu, vernis ya vidole vyake, na mi nikifungua sanduku ya kamera ninaona vidole vya mwanamuke mwingine vinaniangalia.

Basi nilienda sokoni nikanunua karte, nikachagua ile yenye namba kubwa kupita zote, nikamupelekea. Akacheka. "Mama Junior, hii si ya kazi, wekea tu muziki yako." Hakuijaribu hata dakika moja, na Léoncie alikuwa pale, akainamisha kichwa, na mi nilijua anacheka.

Nikanunua vernis ile ile. Siku ya ndoa ya Clarisse kule Kazimia tulipanda boti wote watatu, tukafika, na mbele ya ibada Léoncie alienda kunawa, akavua kikwembe cha juu akaniambia, "Nishikie, dada, kuna karte." Nilitoa ile tupu nikaficha, nikafunga yangu yenye alama nyekundu, nikiwaza kwamba picha zitatoka muzuri na nitasema mbele ya wote, ni karte yangu hiyo!

Tulipofika nyumbani, picha zilifunguka mpaka pale Clarisse anaingia kanisani, kisha giza. Nyanya yake, mama muzee asiyeona tena, alimupapasa uso akamubariki na maji, kanisa yote ikalia. Katika karte yangu, ya ile baraka hakuna kitu. Norbert akaipindua karte, akaona si yake, akasema Léoncie ameuza ya kweli akaweka ya uongo. Akamufukuza. Sasa majirani wanasema, "Bale ba kambi njo vile."

Na ile ya kweli iko katika pembe ya kikwembe changu, hata vile ninaandika. Nikisema, Norbert atanirudisha kwetu Nundu. Nikinyamaza, atabaki wangu peke yangu. Jana alikuwa anajaribu kamera kwa ua, akanyoosha mukono nyuma, nikakimbia nikamuwekea karte. Akageuka akaangalia kwanza. Bado ninamuonea wivu huyu mwanamuke, Koko, hata sasa vile hayuko. Nifanye nini?

Tania, Baraka

*

Tania, mujukuu wangu,

Mimi sikukanyaga masomo, Constance wa hapa radio njo alinisomea barua yako, na ninayosema yeye njo anaandika na kuyasoma hewani. Nilimwambia arudilie ile pahali ya "Nishikie, dada." Uliisikia vile uliiandika? Muntu anayetaka kukunyang'anya bwana hakuachii kikwembe chake.

Wivu ninaujua. Mimi nilimwaga chumvi mukono muzima katika sombe ya muke mwenzangu, batoto wakashindwa kula, na ni mimi nilitwanga tena majani ya muhogo mpaka mikono ikavimba. Lakini mi nilimwaga chumvi tu. Wewe umemumwagia mwenzako jina la mwizi, na unajua vile hilo jina linakamata haraka kwa muntu wa kambi. Majirani walikuwa wanalingojea, wewe ukawapelekea katika sahani. Haya ninakukatalia, na ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Sasa hiyo karte yako. Constance anapigaka picha, alinieleza, na nilifahamu mara moja juu niliuza ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, Kazimia miaka mingi. Kuna gunia ndagala nzuri ziko juu, chini ni muchanga. Karte yako ni ile gunia. Namba kubwa ni mudomo wa muuzaji, ndani kuna nafasi kidogo tu. Ikiisha, kamera inaendelea kuwaka taa, na picha zinaanguka pahali hakuna. Ndiyo maana Norbert anaijaza yote mbele ya ziwa. Anaingiza mukono mpaka chini ya gunia. Hakukudharau wewe, mama, alidharau gunia.

Lakini yeye naye alikosa! Norbert, ukisikia haya: muke wako alikuletea kitu, ukacheka mbele ya watu. Ungemukalisha karibu na kamera, mujaze pamoja, muangalie pamoja, angeona giza kwa macho yake. Tena filimu ya ndoa ya muntu unaichukua kwa karte moja tu? Constance anasema kamera nyingi kubwa ziko na tundu mbili. Weka karte mbili zichukue pamoja. Chagua zile watengenezaji wa kamera yako wameandika kwamba inazikubali, uliza pia inapokea picha haraka namna gani, siyo ukubwa peke yake, nunua kwa muntu utakayemukuta tena kesho, na usifute kitu mbele hujakiweka pahali pawili.

Tania, atakasirika. Sitakudanganya. Acha akasirike, iko na haki. Lakini umuambie leo, jua likiwaka, ukiwa umeshika ile karte na kile kichupa cha vernis. Kisha muende Lusenda wawili, na yeye aliyemufukuza Léoncie njo aombe samahani kwanza, wewe wa pili, bila kulia sana, juu kulia kwako si malipo. Mukirudi, simama kwa majirani useme na sauti ile ile walitumia. Mutafute Clarisse, mupande boti na kamera, mumuombe nyanya yake amubariki tena. Haitakuwa ile ya kanisa. Lakini ni mikono ile ile, na mama muzee ingali hai. Na mbele ya siku hiyo, wewe mwenyewe ujaze karte kwa ziwa na uangalie maji mpaka mwisho, usisinzie.

Léoncie akikubali kurudi, umuachie pembe zake. Akikataa, ni haki yake pia.

Fungua hiyo pembe sasa, kabla ya kuzima radio. Kisha mukuje kwangu wote watatu, nitapika sombe. Chumvi nitaweka mi mwenyewe.

Koko Godelieve