Ule Wimbo Wako wa Ujumbe

Ishbel. Mwenzangu, umekufa, unajua?

Ndio natoka maktaba ya Partick sasa hivi. Kuna jamaa moja la London lenye skafu, eti mtaalamu wa muziki, lilikuwa linahutubia watu juu ya bendi yetu. Miaka arobaini hakuna aliyetutaka hata bure, leo eti sisi ni hazina iliyosahaulika.

Kafika kwenye wimbo wako, "Mama Kanituma Nilete Ujumbe". Eti huo ni ujumbe wa mama aliyekufa, kutoka kuzimu. Kuzimu, Ishbel. Na macho kafumba kabisa.

Hakuna aliyemwambia kwamba hapa Glasgow tukisema kuleta ujumbe ni kwenda dukani kununua mkate, maziwa na viazi. Watu wazima wanauma midomo wasicheke.

Halafu kasema mwimbaji naye alimfuata mamake kaburini, tusimame kimya tumkumbuke. Nikasimama, mjinga mimi, mpiga besi wako mwenyewe.

Kaniona nacheka. "Bibi, hawa uliwahi hata kuwasikia?"

Nikamwambia, "Mwanangu, marehemu yuko nyumbani kwake Largs, kule pwani. Nimeongea naye asubuhi. Viazi vimemwishia, alikuwa anatoka kwenda kuleta ujumbe."