Ndoo ya Minza na mitaro niliyoifukia

Jumamosi, Bariadi. Jua limewaka tangu saa tatu na udongo wa mbugani umeshaanza kupasuka. Sina raha leo.

Asubuhi alikuja Minza, mke wa marehemu mdogo wangu, kuomba maji kwenye tenki langu. Tukasalimiana, mwangaluka, habari za watoto, kisha akainama, akachota mchanga na kuanza kusugua ndoo. Ndani, nje, kitako. Ndoo yenyewe ilikuwa mpya, bado ina karatasi ya dukani.

Nikamwambia mbona ni safi. Akacheka kidogo.

"Nisije nikalaumiwa tena, shemeji."

Nimeona aibu hata chai sijaimaliza.

Ngoja niandike nisichowahi kumwambia mtu. Miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi wa pamba wakaanza kutufuata wenyewe na malori yao, mimi niliingiwa na tamaa. Nilikuwa na majaruba ya mpunga bondeni, nikataka kupanda pamba humo, lakini pamba haipendi kusimama majini. Nikaiga nilichokiona nilipokuwa kibarua kwenye shamba moja kubwa: nikachimba mitaro ya kina cha kiuno, nikatandika mawe, juu yake matete, nikafukia. Ukipita juu huoni kitu. Maji ya mvua yaliyokuwa yakikaa kwenye majaruba na kuzama polepole, sasa yakawa yanapita chini kwa chini hadi korongoni.

Pamba ilikubali. Nilitembea kifua mbele.

Kisima cha ukoo kilikuwa pembeni mwa shamba hilo. Kiangazi cha kwanza tuliongeza kamba mkono mmoja. Cha pili, mikono miwili. Cha tatu ndoo ikawa inapanda na tope. Wazee wakakaa, wakauliza nani amechota kwa sufuria yenye masizi, maana kwetu wanaamini kisima kikiguswa na masizi kinasusa, maji yanakimbia. Minza ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, hana wa kumtetea. Mtu akasema alimwona. Alikana, halafu akachoka kukana. Kwa adhabu akafagia njia ya kisimani siku saba mbele za watu, na maji hayakurudi.

Mimi nilikuwepo. Tena ndimi niliyenunua kamba mpya, wakanishukuru.

Nilijua. Mwaka wa kwanza, mwezi wa saba, mvua zimekwisha zamani, nilikwenda korongoni nikakuta mdomo wa mtaro bado unadondosha maji. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kisima. Mwaka uliofuata yalikatika mwezi wa sita, kisha wa tano, kwa sababu chini hapakuwa na cha kutoa tena. Ningesema neno moja tu. Niliogopa kuambiwa nifukue.

Wazee wale wamekufa wakiamini ni masizi. Nadhani hata Minza mwenyewe ameshaamini, ndiyo maana anasugua ndoo mpya. Hilo ndilo linaloniuma. Kumnyima maji ni jambo moja, lakini nimemwacha mwanamke mzima ajishuku miaka yote hii kwa kosa langu.

Kesho atapita hapa na wenzake wakienda kanisani. Nitatoka nimsimamishe pale pale barabarani, mbele za watu kama alivyofagia yeye, nimwambie ilikuwa mitaro yangu.

Au nitamjazia ndoo nyingine, anishukuru?